Aliyeanza Kuugua ni Baba

Vijana wa ofisini mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani, kabla hamjapata kompyuta za kusingizia. Nimekubali kwa masharti mawili. La kwanza, sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana halina faida kwenu, na hata kwangu halikuwa na faida kubwa. La pili, majina ya watu nimeyabadilisha yote, na mji wenyewe sitautaja. Ni mmoja wa ile miji ya vilima kati ya Kisii na Nyamira, na wenye ploti zake wengine wangali hai na wana mawakili.

Nilifika mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana wa Malindi mwenye cheti kipya cha afya na sweta moja. Sweta moja haikutosha. Kazi yangu ilikuwa na jina refu la Kiingereza, lakini mjini niliitwa Bwana Afya tangu juma la kwanza, na ndivyo ninavyoitwa mpaka leo.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Ondieki, mtu wa Nyamache, mfupi, mkimya, mwenye viatu vya mpira vilivyokuwa vikubwa kuliko kazi. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha meza wala faili. Alinipa fimbo ndefu yenye alama za futi akanipeleka nyuma ya hoteli moja, tukapime kina cha choo cha shimo. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Tulipomaliza tukateremka naye mteremko, yeye akihesabu hatua kwa sauti, mpaka tukafika kwenye chemchemi. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na mitungi.

"Umehesabu?" akaniuliza.

"Sikuhesabu, mzee."

"Basi turudi juu."

Tukarudi juu, tukahesabu upya. Mji huu, akaniambia, unakojoa juu na kunywa chini, na kazi yetu ni kuweka umbali kati ya mambo hayo mawili. Nimesoma vitabu vingi vya mipango ya miji baadaye, na nimekaa kwenye warsha zenye chai na mandazi ya kutosha, lakini sikuongezewa mengi juu ya hilo.

Mchana wa siku hiyo tulikula hotelini. Nikamuuliza binti aliyetuhudumia mwenye hoteli ni nani, akajibu, "Ni baba, ameenda Ikonge kununua ndizi." Punde akaingia mama mmoja mnene na mikungu yake, na yule binti akampokea mzigo akimwita baba. Nilishika kijiko hewani. Mzee Ondieki alicheka, na hakuwa mtu wa kucheka.

"Kwetu baba ni mama," akasema. "Baba mwenyewe tunamwita tata. Andika kwenye daftari lako."

Sikuandika. Nani angesahau kichekesho kama hicho? Nilikisimulia Malindi kila likizo, na shangazi zangu wakaangua vicheko mpaka wakafuta machozi kwa kanga.

Vifaa vyetu vilijaa kikapu kimoja: tepu, fimbo, fomu, chupa za kutilia sampuli za maji, na kopo dogo la unga wa rangi ya chungwa. Unga huo ukiumwaga chooni pamoja na ndoo kadhaa za maji, halafu chemchemi ya chini ikatoa maji ya kijani, hakuna tena haja ya kubishana na mwenye choo. Ulikuwa adimu, nasi tuliubania kama sukari. Friji hatukuwa nayo. Sampuli za kwenda maabara ya Kisumu tuliziweka kwenye friji ya soda ya Bwana Jayanti, mwenye duka la vyuma na simenti, aliyekubali mradi chupa zangu zisiguse maziwa yake. Hakuwahi kukosa kunikumbusha. Nami nilipogundua bomba la maji machafu la duka lake linamwaga mtoni nilimpelekea notisi, akaisoma, akaikunja, akalirekebisha, na friji akaniachia.

Kanuni za Mzee Ondieki zilikuwa nyingi, lakini aliyoirudia kuliko zote ni hii: usimwandike mgonjwa ambaye hujamwona kwa macho. "Fomu haina macho," alikuwa akisema. "Macho ni yako."

Mji ulikuwa unafura. Mashamba yalikuwa yamegawanywa mpaka ndugu wanne wanagombea mistari ya chai, basi vijana wakashuka mjini, na wenye ardhi wakawajengea vyumba vya kupanga. Tulijaribu tulichoweza. Tulishauri migomba na maganda ya sokoni yarudishwe mashambani kuwa mbolea badala ya kuozea kwenye mitaro. Mpango ulikwenda vizuri msimu mmoja, kisha wenye mikokoteni wakapata mizigo ya maana zaidi. Tulishauri kila ploti iwe na mabati ya kukingia mvua. Wenye ploti waliitikia kwa vichwa.

Mmoja wao alikuwa Mzee Makori, mzee wa kanisa, mpole wa maneno, mwenye vyumba kumi na viwili na choo kimoja. Choo hicho kilikuwa juu tu ya chemchemi iliyonywesha Mtaa wa Chini wote. Nilipima mwenyewe, na hatua hazikutosha hata kidogo. Nikaandika notisi ya kukifunga.

Kabla sijaipeleka, akanijia ofisini mpangaji wake, mwanamke aitwaye Kwamboka, muuza ndizi, mwenye sauti ya kusikika soko zima. Hakuketi.

"Bwana Afya, nasikia unafunga choo yetu."

"Kinachafua maji yenu, mama."

"Tunajua. Sasa ukifunga, huyu mzee atajenga ingine, halafu atuongezee kodi. Mimi sitaweza. Nitaenda wapi na watoto? Kule kwa mto? Huko hakuna hata choo ya kufunga."

Mliosoma mnalo jina la Kiingereza la jambo hili, la mji kumtunza mkaaji na mfuko wake na udongo wake kwa pamoja. Mimi nilikuwa na notisi tu, nayo ingemtoa Kwamboka penye choo kibaya ikampeleka pasipo na choo. Nikaiweka kwenye droo mpaka nipate njia bora. Sikuitafuta kwa bidii. Alipotoka aligeuka mlangoni akasema, "Asante, mwanangu," ingawa hatukupishana miaka mingi.

Mzee Ondieki alistaafu akarudi Nyamache, nikabaki peke yangu na fimbo. Mwaka uliofuata ikaja ile mvua iliyoitwa El Nino. Vyoo vilijaa mpaka juu. Hospitali nayo ilijaa malaria, wagonjwa wawili wawili kitandani, na kila homa ikaitwa malaria. Ilichukua muda kabla daktari mmoja hajanitumia ujumbe kwamba wagonjwa kadhaa wa Mtaa wa Chini hawakuwa na malaria. Walikuwa na homa ya matumbo.

Nikabeba fomu nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Fomu ile ilikuwa na safu niliyoitegemea kuliko zote: nani alianza kuugua. Ukimpata wa kwanza, ukajua alikunywa maji ya wapi, umepata mlango wa ugonjwa.

Katika ploti ya Mzee Makori wagonjwa walikuwa wengi. Nilifika chumba cha Kwamboka jioni, mvua inanyesha, viatu vimejaa maji. Ilikuwa siku ya soko, na kwa kuwa Kwamboka hakutoka kunipigia kelele nikadhani hajarudi. Mlangoni alisimama binti yake mkubwa, Moraa, msichana wa kama miaka kumi na tisa. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Wagonjwa ni wangapi hapa?"

"Wawili. Baba na huyu mdogo wetu."

"Nani alianza?"

"Baba ndio alianza."

Nikaandika. Nyuma ya pazia mtu alijigeuza kitandani akaguna. Nikajua ni yule mdogo, maana baba wa nyumba sikuwahi kumwona pale, nikadhani anaugulia kazini kwake. Hatua tatu tu, ningefunua pazia. Lakini nilikuwa natota, na zilibaki nyumba sita.

"Kesho asubuhi naleta gari la kumpeleka baba hospitali," nikamwambia.

"Asante, Bwana Afya. Tutangoja."

Neno hilo, tutangoja, lilipaswa kunigutua. Kwenye kona nikamkuta Mzee Makori chini ya mwavuli, nikamuuliza baba wa nyumba ile anafanya kazi wapi.

"Nyakundi? Huyo ni karani wa chai, kule Ikonge. Alikuja Jumamosi akarudi." Akanisogelea. "Watu ya kule wanakunywa maji ya mto, Bwana Afya. Sijui kama hii ugonjwa haikutoka huko."

Sasa nitasema jambo ambalo sikuliandika kwenye ripoti yoyote. Nilifurahi. Ikiwa aliyeanza ni mtu wa Ikonge, basi ugonjwa umeletwa, chemchemi haina kosa, na ile notisi kwenye droo haikuwa dhambi yangu. Makori naye alifurahi. Tuliagana kwa mikono miwili.

Asubuhi nikapewa gari la ofisi, lile moja, nikaenda nalo Ikonge kumchukua Nyakundi. Hakuwepo. Alikuwa amehamishiwa kituo kipya cha kununulia majani, ng'ambo ya Ekerenyo, na barabara ya huko ilikatika. Tuliijaribu hata hivyo. Gari likazama kwenye matope, likavutwa na ng'ombe siku ya pili. Nikachukua sampuli za mto wa Ikonge, nikabandika tangazo watu wachemshe maji, nikarudi na gari bovu. Majibu ya Kisumu yalipokuja yakasema mto ule ni mchafu. Mto gani ulikuwa safi mwaka ule? Lakini mimi niliyasoma kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku zote hizo sikukanyaga Mtaa wa Chini. Niliona haya kwenda kwa Moraa bila baba yake.

Siku ya tisa nilipanda lori la majani chai, nikatembea sehemu iliyobaki, nikafika kituo cha Nyakundi. Nilimkuta amesimama chini ya mabati, mwanamume mrefu, mzima, akitundika gunia kwenye ndoano ya mizani na kumtania mama mmoja kwamba majani yake yana maji kuliko bwawa. Nilipojitambulisha akaniamkia vizuri.

"Umepona?" nikamuuliza.

"Nimepona nini?"

"Homa. Moraa aliniambia wewe ndiye uliyeanza kuugua."

"Mimi? Mimi sijaumwa. Moraa alisemaje?"

"Alisema baba ndiye alianza."

Nililisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu. Nyakundi alikuwa bado ameshika gunia. Akaliteremsha polepole akaliweka chini.

"Bwana Afya," akasema, "hiyo ni mama yao."

Njiani aliniuliza mara moja kama nilimwona kwa macho, nikasema sikumwona. Aliniuliza kama yuko hospitali, nikasema sijui. Kwamboka alikuwa nyuma ya lile pazia, na mimi gari lililokuwa lake nililipeleka Ikonge kumtafuta mtu asiyeumwa.

Tulifika saa kumi alasiri, na vilio tulivisikia tukiwa bado juu ya mteremko. Alikuwa amekata roho asubuhi hiyo. Majirani walitaka kumbeba kwa mkokoteni siku ya nne, naye akakataa, akasema Bwana Afya ameahidi gari, na Bwana Afya hajawahi kumdanganya. Yule mdogo alipelekwa mgongoni kwa mtu, akapona.

Moraa alinijia uani mbele ya watu wote. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Ulisema gari inakuja asubuhi. Kila asubuhi nilimvalisha nguo ya kanisa, tukangoja. Jioni nilimvua. Asubuhi nikamvalisha tena. Mbona hukuja?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Maelezo yalikuwepo, na yalikuwa ya kweli: maneno mawili, lake la nyumbani na langu la nyumbani, yamevaa nguo moja. Lakini Nyakundi alinishika mkono juu ya kiwiko, akaninong'oneza bila kunitazama.

"Usimwambie. Hiyo neno ni yeye alisema. Ataibeba mpaka kaburini. Wacha achukie wewe."

Moraa bado alikuwa anangoja jibu.

"Nilisahau," nikamwambia.

Akanitemea mate kwenye viatu. Nilistahili zaidi ya hayo.

Baada ya mazishi nilitoa lile kopo. Nilimwaga unga wote kwenye choo cha Mzee Makori, asubuhi, huku mwenyewe akisimama pembeni na kuniambia kwamba choo hicho kilikuwepo kabla yangu. Siku iliyofuata, kabla ya saa sita, chemchemi ikatoa maji ya kijani. Wanawake waliokuwa na mitungi waliyatazama. Mmoja alichovya kidole akakinusa. Wakamwaga walichokuwa wamechota, wakapanda mteremko na mitungi mitupu, wakipita mbele ya mlango wa Makori mmoja mmoja.

Nilifunga choo siku hiyo. Chemchemi tuliifukua mpaka jicho lake, tukaijengea kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, tukatia bomba. Ukapigwa uzio, hakuna kujenga juu yake. Makori alichimba choo kipya mahali panapofaa, chenye ukuta wa simenti ndani, na kabla simenti haijakauka vizuri akapandisha kodi, kama Kwamboka alivyosema. Wapangaji wanne walihama wakaenda mtoni. Hesabu za ofisi ziliandika chemchemi moja imehifadhiwa. Wale wanne hawakuwa na safu yao.

Ilinichukua miaka kupata lile nililopaswa kulitafuta tangu mwanzo: vyoo vya ploti kadhaa kwa pamoja, wapangaji wakichangia kazi ya mikono, na mwenye ploti akitia sahihi kwamba kodi haitapanda kwa ajili ya choo. Wengine walitia sahihi. Njia hiyo ilikuwepo wakati Kwamboka amesimama mbele ya meza yangu. Yeye mwenyewe angeisimamia, kwa ile sauti.

Nilikwenda Nyamache kumwambia Mzee Ondieki. Nilimkuta anapogoa migomba. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama, naye aliendelea kukata majani makavu mpaka nilipomaliza.

"Nilikuambia uandike kwenye daftari," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Hukuandika."

"Sikuandika."

Alinikaribisha chakula. Tulikula, na hakulitaja tena mpaka alipofariki.

Basi mkiniuliza kwa nini kila nyumba niliyoingia miaka yote iliyofuata niliomba kufunuliwa pazia, hata mkanicheka na kuniita mzee wa mapazia, sababu ndiyo hiyo. Na ile fomu mnayoitumia, yenye mstari wa kuandika jina la mgonjwa na kama ni mwanamume au mwanamke, mstari huo ni mimi niliyeuomba uongezwe. Msiuache wazi. Waulizeni watu kwa lugha yao, na kama hamuijui, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kudhani unajua kwa kuwa uliwahi kucheka.

Nyakundi alifariki miaka michache iliyopita. Tulikuwa tukikutana sokoni, tunaulizana hali ya mvua, na siri yetu tumeikalia. Sasa imebaki kwangu, na kwenu mnaosoma haya; isitoke humu ofisini. Moraa ana wajukuu. Ana duka lake la nguo karibu na stendi, na maji anayokunywa yanatoka kwenye bomba la ile chemchemi. Hupita mbele yangu karibu kila siku, na hajanisalimia tangu siku ile uani. Kila anaponipita hivyo nashukuru, maana najua bado hajaambiwa.